Nilipokuwa Mke wa Jemadari

Nilikuwa kidato cha tano nilipochaguliwa kuwa mke wa mtu, na kilichoniponza ni sauti. Shule yetu ilikuwa ya wavulana watupu, ya bweni, juu kidogo ya mji wa Moshi, mahali ambapo alfajiri mlima unauona wote na ikifika saa nne umeshajifunika. Wenzangu wengi walikuwa wameshapata sauti nzito. Mimi yangu ilikuwa bado ile ya kuimba sauti ya kwanza kanisani, na nilikuwa mwembamba, na nilikuwa na kope ndefu ambazo nilitamani kuzikata.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu mfupi mwenye koti moja la kahawia. Alikuwa ametafsiri kwa mkono wake tamthilia moja ya zamani sana ya nchi za mbali, akaiandika katika madaftari manne ya mistari. Alitaka tuicheze Siku ya Wazazi. Kisa chenyewe hakikuwa kigumu. Jemadari mmoja hodari ana mke anayempenda, na wote wawili wanatamani kiti cha mtawala. Mtawala mzee anakuja kulala kwao kama mgeni, nao wanamtilia sumu kwenye kinywaji. Kiti wanakipata. Lakini tangu siku hiyo mume hatulii, anaua huyu na yule ili la kwanza lisijulikane, na mke anabaki chumbani peke yake na mawazo yake. Waliokuwa wanaambiana kila kitu hawaambiani tena lolote, mpaka wote wawili wanaangamia, kila mmoja kivyake. Mwalimu alikigeuza kidogo kifanane na kwetu. Mvinyo ukawa mbege, na mtawala akawa mangi wa kale mwenye blanketi begani.

Jemadari alikuwa kijana mmoja mkubwa wa Kwa Sadala, ambaye mama yake alikuwa akiuza maharage sokoni. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia na moyo mlaini kabisa. Wiki ya kwanza hakuweza kunitazama bila kucheka. Kila niliposema "mume wangu" alikuwa anageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Nami kwa aibu nikawa napiga kelele. Nilidhani mwanamke anayemsukuma mumewe aue lazima awe kama mchawi, kwa hiyo nilimkazia macho, nikampigia meza, nikamfokea. Mwalimu alivumilia siku nne. Siku ya tano alifunga daftari.

"Unapiga kelele kama kondakta," akasema. "Huyu mwanamke angekuwa hivyo, mumewe angehamia kwa mama yake. Mama yako yupo?"

"Yupo, mwalimu."

"Akitaka jambo kwa baba yako, anafanyaje?"

Nilifikiri. "Sijui, mwalimu."

"Umekaa naye miaka kumi na minane na hujui. Mwisho wa mwezi nakupa ruhusa. Nenda nyumbani ukasikilize."

Wenzangu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Ijumaa ya mwisho wa mwezi aliniandikia karatasi ya ruhusa, na kwenye sababu akaweka neno moja: masomo.

Kwetu ni Marangu, kwenye mteremko, ndani ya kihamba cha migomba na kahawa ambacho babu yangu alirithi kwa baba yake. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa upande wa juu, na ya babu upande wa chini karibu na mfereji wa maji. Nilifika jioni ya Ijumaa, nikamwamkia babu, nikawaamkia wazazi, nikakaa jikoni bila kusema kilichonileta.

Kesho yake mchana baba alikuwa anakula mtori, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikijifanya nasoma. Mama alikaa kwenye kigoda chake, akawa anamenya ndizi za jioni. Zizi letu lilikuwa linavuja upande mmoja tangu masika, na nilijua mama amelikasirikia. Nikatega sikio.

"Jirani alipita hapa jana," mama akasema, akiziambia ndizi zaidi kuliko baba. "Ameliangalia zizi. Anasema aliyelijenga anajua kazi."

Baba aliendelea kula.

"Nikamwambia, bado hajalimaliza."

Vikapita vijiko vitatu vinne. Kisha baba akasema, "Yale mabati yaliyoko nyuma ya ghala, jioni nitayatazama."

"Kama una nafasi," mama akasema, akamwongezea mtori.

Nilibaki nimekodoa macho. Hakuwa amemwomba chochote, na zizi ni kama lilikuwa limeshaezekwa.

Baba alipokwenda mazoezi ya kwaya, mama aliniita nimsaidie kukatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Tulikuwa tumeshika mapanga wote wawili aliponiuliza bila kunitazama, "Tangu asubuhi unanichunguza. Nimekosa nini?"

Nikamweleza yote: tamthilia, mke wa jemadari, mwalimu. Nilipofika kwenye gauni nitakalovaa, mama aliweka panga chini. Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa majani, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alicheka, akatulia, akanitazama, akaanza upya. Nilikasirika kidogo.

"Haya," akasema mwishowe. "Nisimulie huyo mwanamke mwenzangu."

Nilimsimulia kuanzia mwanzo, tukiendelea kukata. Mama alikuwa msikilizaji wa kukatiza. Aliuliza kama wana watoto. Aliuliza kama mangi alikuwa ndugu yao. Nilipofika kwenye kifo akasimamisha panga hewani.

"Alifia mle mle ndani kwao?"

"Ndiyo, mama."

"Na asubuhi nani alifagia?"

Sikumwelewa.

"Mgeni amelala kwako, amekunywa, amekufa. Kuna kata ya kunywea chini, kuna mbege imemwagika, kuna mkeka. Asubuhi nyumba lazima ifagiliwe. Mumewe atafagia? Mwite mwalimu wako umuulize, nani alifagia?"

Nilisema daftari halikuandika.

"Aliyeandika ni mwanaume," akasema, akaendelea kukata.

Alikata vipande vingi mfululizo. Nilidhani amechoka na hadithi. Kumbe alikuwa anapima kama aniambie au asiniambie.

"Unaikumbuka kahawa ya babu yako?" akaniuliza. "Ile mistari sita ya karibu na jiko?"

Niliikumbuka. Nilipokuwa darasa la sita nilirudi kutoka shule nikakuta haipo, nikaambiwa ilikuwa na ugonjwa.

"Haikuwa na ugonjwa," mama akasema. "Ugonjwa ulikuwa mimi."

Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka wakati ule, na nyumba nyingi zilikuwa zinanong'ona kuhusu nyanya. Kung'oa kahawa halikuwa jambo la kutangaza. Bwana shamba hakulitaka, na wazee walilichukulia kama kumvua mtu nguo. Babu alikuwa ameipanda ile mistari kabla hajaoa, na alikuwa anaipogoa taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto. Lakini mama alikuwa anawatazama watoto wake wanne na kuona mmoja tu atakayevuka sekondari, kama atavuka. Alitaka shamba linaloleta kitu kila miezi mitatu.

"Sikumfokea baba yako," akasema. "Nilimsifu. Nilimwambia, wewe si mtu wa kusubiri wenzako watangulie. Nilimwambia hivyo akiwa anakula, kama ulivyoniona leo. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Babu yako alikuwa amekwenda kukaa kwa shangazi yako kule chini kwenye joto, kwa sababu ya kifua. Wiki tatu. Alivyorudi hakuna mti."

"Ulifurahi?"

"Siku moja. Siku ya pili niliamka nikaona jua limeingia jikoni, mahali ambapo tangu niolewe halikuwahi kuingia. Nikaona haya. Nilitaka kulifunika kwa kitu."

Babu aliporudi aliwasalimu wote, akanywa maji, akaenda kusimama pale palipokuwa na miti. Alisimama muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja tu: "Mmepata hewa." Akaingia nyumbani kwake.

Baada ya hapo, mama akaniambia, baba aliacha kumwita "mama". Akawa anamwita "wewe". Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali. Kila mmoja alikuwa anaona lile shimo la miti kwenye uso wa mwenzake, kwa hiyo wakaacha kutazamana. Walikuwa wanasema nasi: kamwambie baba yako chakula tayari, kamwambie mama yako nimekula.

Hilo nalo nililikumbuka. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyoishi wakishazeeka kidogo.

"Miezi miwili," mama akasema. "Nikaona hii nyumba inakwenda. Nyanya zimestawi, nyumba inakwenda. Nikachuma jani la isale pale kwenye ua, nikalifunga fundo, nikaenda kwa babu yako."

Kwetu ukimpelekea mtu jani la isale lililofungwa, umeomba msamaha, naye hawezi kulitupa. Mama alipiga magoti mlangoni pa mkwewe akasema, "Baba, ni mimi. Mwanao nilimsukuma." Mzee aliligeuzageuza lile jani. Kisha akasema, "Nilijua. Mwanangu hawezi kuwaza nyanya peke yake." Akamwambia zikiiva ampelekee mbili, anataka kuziona hizo zilizomfukuzia kahawa. Alipopelekewa alikula moja kwa chumvi, akasema ni chachu, akaomba nyingine.

Mama alirudi akamweleza baba alichofanya. Baba alikuwa zizini, akamalizia kuwawekea ng'ombe majani. Kisha akasema, "Mama, kuna chai?"

"Ikawa imekwisha," mama akasema, akasukuma rundo la vipande kwa mguu. "Lakini hawa wa kwenye mchezo wenu nawaonea huruma. Hawana pa kupeleka isale. Mwenye kuwasamehe wamemuua."

Jumapili baada ya ibada nilirudi shuleni na lile neno la isale, sikumwambia mtu. Nilimwambia mwalimu la ufagio tu. Alilisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani kasema?"

"Mama, mwalimu."

Alifungua daftari la pili, akaandika pembeni kwa wino mwekundu.

Mazoezi ya Jumatatu sikupiga kelele. Tulipofika mahali ninapomshawishi mume wangu, nilimwekea sahani, nikakaa chini, nikashusha sauti, nikaanza kumsifu huku nikiangalia mikono yangu. Nilimwambia kuna watu wamepita wakamsifia. Yule kijana wa Kwa Sadala alikuwa ameshajiandaa kucheka. Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa siri yake hadharani. Alisahau maneno yake yote, na badala ya ile hotuba ndefu ya jemadari akasema, "Sawa."

Sote tulimgeukia mwalimu tukingoja ghadhabu. Akasema, "Hiyo sawa ibaki."

Gauni langu lilitoka soko la mitumba pale Moshi mjini. Mwalimu alilichagua mwenyewe, la zambarau, lenye mabega yaliyovimba. Lilikuwa la mwanamke aliyenizidi kila upande, na fundi wa shule, aliyezoea kushona mapazia, alilipunguza kwa kukisia. Nikivuta pumzi ndefu lilikuwa linalia.

Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi, na mchezo ukawekwa saa nane mchana ndani ya bwalo, baada ya hotuba. Meza zilitolewa nje, mabenchi yakapangwa, na harufu ya maharage haikutoka ng'o. Nilichungulia kupitia pazia nikawaona wazazi wangu benchi la nne. Katikati yao alikuwa babu, na koti lake la kanisani na kofia magotini. Sikutarajia kumwona babu. Hakuwa mtu wa kushuka mlima kwa jambo dogo.

Nilipotoka na gauni bwalo zima lililipuka. Mtu akapiga mluzi. Baba aliinamisha kichwa akawa anasoma viatu vyake. Babu aliuliza kwa Kichagga, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Wetu ni yupi?" Mama akamnong'oneza. "Yule?" babu akasema. Watu waliokijua Kichagga wakacheka mara ya pili.

Nilingoja. Mwalimu alinifundisha hivyo: ukichekwa, fanya kazi. Nikapanga sahani, nikamkaribisha mume wangu, nikakaa. Nikaanza kusema polepole na chini, mpaka waliokuwa nyuma wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Nilimwambia mume wangu kwamba yeye si mtu wa kusubiri wenzake watangulie.

Neno hilo halikuwa kwenye madaftari ya mwalimu. Lilinitoka. Nikaona kichwa cha baba kikiinuka.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama, juu ya kichwa cha babu. Mama alikuwa anatazama jukwaani, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mchezo uliendelea. Mangi alipoletewa kata ya mbege babu alisimama nusu akasema kwa nguvu, "Asinywe!" Kijana aliyekuwa mangi alishtuka, nusu ya mbege ikammwagikia kwenye blanketi. Tulicheka wote, hata maiti ilicheka kidogo ilipolala. Lakini asubuhi ya pale jukwaani ilipofika nilitoka na ufagio wa majani, peke yangu, nikafagia. Sikuwa na maneno. Niliokota kata, nikaipangusa, nikakunja mkeka, nikafagia mahali pamoja mara nyingi kuliko inavyohitajika. Katika benchi la tatu mwanamke mmoja nisiyemjua akasema, "Jamani." Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena mpaka mwisho, si kwa gauni wala kwa lolote. Mume wangu aliponipita bila kuniona, niliendelea kufagia.

Tulipomaliza wazazi walipewa chai na maandazi nje, karibu na tangi la maji. Nilivua gauni, nikavaa sare, nikawafuata. Babu alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi anakula andazi. Nilimwamkia, akanishika mkono, akasema nimefagia vizuri.

Baba alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Yule mwanamke," akasema, "alikuwa anaongea kama mtu ninayemfahamu."

Nilitamani tangi lipasuke. Mama akasema, "Mtoto alikuja kuniuliza, nikamwambia."

"Hata ya kahawa?"

"Hata ya kahawa."

Baba aligeuza kikombe mkononi. Nilimjua baba yangu kama mtu mpole asiyependa mambo yake yatoke nje, nikaona nimemwaibisha mbele ya shule nzima, ingawa shule nzima haikujua. Nilikuwa nafungua mdomo niombe radhi aliposema, "Basi mwambie yote."

"Yote yapi tena?" mama akauliza.

"Sururu." Alisema akitazama chini. "Niliiazima kwa jirani wiki moja kabla hujaniambia neno. Niliificha nyuma ya zizi. Nilikuwa nimeshaamua, ila nilikuwa nangoja mtu anisukume, ili nikiulizwa na baba nisiwe peke yangu."

Mama alimgeukia baba. Nilimwona anarudi nyuma kwa akili, anaipitia miaka, mlo kwa mlo.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita nimebeba ile miti kichwani, baba watoto. Nilikwenda kupiga magoti peke yangu."

"Ulikwenda kabla sijajua."

"Na niliporudi ukajua! Ukaniuliza chai!"

"Niliona aibu mara mbili," baba akasema. "Ya kwanza ilikuwa ya miti. Ya pili ilikuwa yako, kwamba umekuwa na moyo kuliko mimi. Nikashindwa pa kuanzia."

Babu alikuwa amemaliza andazi. Alikung'uta sukari kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuonekana kama mtu asiyesikia.

"Jirani aliniambia ya sururu siku ileile niliyorudi," akasema. "Alikuja kuniuliza kama tumeshamaliza nayo."

Wote wawili walimgeukia.

"Isale nililetewa moja," babu akasema. "Nilikuwa nangoja la pili."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbusha kwamba kuna mfereji haujafunguliwa. Baba aliweka kikombe juu ya ukuta. Niliona macho yake yamejaa machozi, nikageuka nikajifanya naitwa.

Waliondoka kabla jua halijapungua. Mama alitangulia na babu, amemshika mkono, hageuki nyuma, na baba akafuata hatua kumi nyuma yao na kofia ya mzee mkononi. Kwenye njia panda, kabla hawajapotea, niliona mama amesimama. Alikuwa anamngoja.

Yaliyofuata nyumbani nilisimuliwa na dada yangu likizo ilipofika. Baba hakubadili hata nguo. Alikwenda uani na panga, akakata jani, akalifunga fundo, akaingia kwa babu, akafunga mlango. Alikaa humo mpaka ng'ombe wakalalamika. Mama kwa upande wake alimpikia baba ndizi tupu siku mbili, bila nyama wala maziwa, naye akala bila kuuliza. Siku ya tatu alipata nyama. Dada aliona jambo hilo ni la kuchekesha sana. Likizo ile niliwakuta wanabishana kwa sauti kuhusu kama wauze ndama au wamfuge. Walibishana jikoni, uani, na njiani kwenda kanisani, na nilifurahi kuwasikiliza kuliko nilivyofurahi kwa makofi yote ya bwalo. Karibu na mfereji babu alikuwa amepanda miche minne ya kahawa, na baba ndiye aliyekuwa akiimwagilia.

Tamthilia yetu ilisikika. Muhula uliofuata shule moja ya wasichana, upande wa pili wa Moshi, iliomba mwalimu akawafundishe. Alikubali, lakini akasema mahali penye wasichana haoni sababu ya kunipamba mimi. Kwa hiyo jemadari alibaki yule wa Kwa Sadala, na mke wake akawa msichana wa kidato cha sita, mrefu, mwenye pengo dogo la meno ya mbele. Mimi nilipelekwa kama mkumbushaji wa maneno, nikae nyuma ya pazia na daftari.

Sikuhitajika. Alikuwa bora kuliko mimi kwa mbali sana. Mimi nilimwiga mama yangu, yeye hakumwiga mtu. Alipomwekea mume wake chakula alimgusa bega kidogo tu, kisha akauondoa mkono kama aliyeungua, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Jemadari wetu alisema "sawa" yake kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuipata kutoka kwake.

Baada ya mchezo, tulipokuwa tunapakia vitu kwenye lori la shule, yule msichana alinifuata na gauni la zambarau limekunjwa mkononi. Alinirudishia, akanishukuru, kisha akaniuliza, "Wewe ulipokuwa unacheza, ulikuwa unampenda mume wako?"

Nilikiri kwamba sikuwahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nafikiria kumshinda.

"Mimi nampenda," akasema. "Ndiyo maana ninamponza. Nisingempenda ningemwacha abaki jemadari tu." Akaaga, akaenda zake bwenini.

Nilipanda lori nikakaa juu ya mkeka, pembeni ya yule kijana wa Kwa Sadala. Tulikuwa tumeshalipita soko aliponigusa kwa kiwiko.

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Anasema anakupenda."

Aligeukia barabarani. Lori lilianza kupanda, migomba ikaanza pande zote mbili, vumbi likapungua. Tulikuwa karibu kufika shuleni alipogeuka tena, amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Mimi," akauliza, "au jemadari?"

Nikamwambia hilo mimi sikuuliza, aende akamuulize mwenyewe. Akasema Jumapili kuna ruhusa ya mjini. Akasema pia, baada ya kufikiri, kwamba atahitaji kuazima viatu vyangu. Miguu yake ilizidi yangu kwa namba mbili nzima, na nikamwambia achukue.